Msitupimie kwa Lita Peke Yake: Hotuba kwa Wabunifu wa Nepi za Watu Wazima

Ndugu mwenyekiti, waalikwa, wabunifu na watengenezaji, wauguzi wenzangu, na ninyi watumiaji mliokubali kukaa ukumbini humu huku mkijua mada ya leo ni ipi: shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mambo ambayo watumiaji wanataka yarekebishwe kwenye nepi na pedi za watu wazima. Nazungumza kama muuguzi na nazungumza kama mvaaji. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwavisha na kuwabadilisha watu: waliopata kiharusi, walioumia uti wa mgongo, wanaume waliotolewa tezi dume, wazee ambao kibofu kimechoka tu. Na tangu nijifungue mtoto wangu wa mwisho, mimi mwenyewe nikikohoa au nikinyanyua kitu kizito, mkojo hunichomoka. Kwa hiyo nitakayosema mengine nimeyasikia kwa wagonjwa, mengine nimeyashika kwa mikono, na mengine nimeyavaa.

Nina neno moja la kuwaambia. Bidhaa hizi zinabuniwa na kusifiwa kwa kiasi cha mkojo zinachonyonya. Lakini ukikaa na watu wanaozivaa, ukawaacha waseme bila kuwaharakisha, hawaanzi na lita. Wanaanza na pale wanapobadilishia, wanavyokaa, wanavyolala, sauti, harufu na gundi. Ukitaka kujua kama nepi ni nzuri, angalia kama mtu anaweza kuibadilisha peke yake chooni, akatoka, akaendelea na siku yake bila mtu kujua.

Nasema hivi kwa sababu michoro mingi mnayoitumia ilirithiwa kutoka kwa nepi ya mtoto. Mtoto hubadilishwa na mtu mwingine, akiwa amelala chali, na hana habari nani anasikia. Mtu mzima ana kazi, ana mwenza, ana ibada, ana safari, na mara nyingi anajibadilisha mwenyewe akiwa amesimama. Mwaka 2024 kampuni ya Oji Holdings ya Japani ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la Japani na inaelekeza nguvu kwenye za watu wazima. Wengine watafuata, maana dunia inazeeka. Ninachoomba ni kwamba anayehama kutoka kwa mtoto kuja kwetu asihame na mchoro uleule akauongezea upana.

Tuanze na kipimo. Kuna kiwango cha ISO, lile shirika la kimataifa la viwango, kinachoitwa ISO 11948-1 cha mwaka 1996, ambacho wengi humu ndani mnakifahamu kuliko mimi. Nepi inalazwa ndani ya maji ya chumvi, inaachwa ishibe, inatolewa ichuruzike, halafu inapimwa uzito. Kile kilichoongezeka ndiyo namba inayoingia kwenye zabuni. Kipimo hiki kina faida yake: ni rahisi, na maabara mbili zikikitumia zinaweza kulinganisha majibu. Lakini tazameni kinachokosekana. Hakuna mapaja. Hakuna aliyeikalia. Hakuna aliyelala ubavu. Maji yameingia taratibu kutoka kila upande, wakati binadamu hukojolea sehemu moja, tena kwa haraka.

Haraka kiasi gani? Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500, na mkojo wa mtu mwenye afya unaweza kutoka kwa kasi inayozidi mililita 15 kwa sekunde. Mwenye kibofu kinachojikaza ghafla anaweza kukimwaga chote kabla hajafika mlangoni. Zile chembechembe za polima zilizomo ndani ya nepi zinaweza kunyonya maji safi mamia ya mara ya uzito wake, lakini kwenye mkojo, kwa sababu ya chumvi, uwezo huo hushuka hadi makumi tu, na ukizikalia unashuka tena. Isitoshe, zinahitaji muda ili zivimbe. Zikivimba zote mahali pamoja huziba njia, na mkojo unaofuata huteleza juu yake ukitafuta pa kutokea. Pa kutokea ni pajani. Ndiyo maana mara nyingi namkuta mtu nguo zimelowa chapachapa, nikiifungua nepi naona sehemu ya nyuma yote bado kavu, haijaguswa. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya kweli, ila haimhusu mtu huyu. Wavaaji hawaombi chembechembe zaidi. Wanaomba tabaka la juu lipokee upesi na kuusambaza mkojo hadi kule pembeni pasipotumika.

Sasa twende chooni, maana huko ndiko hoja yangu iliko.

Chukueni aina ile inayovaliwa kama chupi, ya kupandisha na kushusha. Watu wengi wanaipenda, hasa wanawake, kwa kuwa inafanana na nguo ya kawaida na haimkumbushi mtu wodi. Haya, mtu yuko safarini, imejaa, anaingia choo cha umma. Kuitoa si shida, anachana pembeni. Mtihani uko kwenye kuvaa mpya. Lazima avue viatu. Lazima avue suruali, miguu yote miwili. Sakafu ina majimaji na hajui ni ya nini. Anakanyaga juu ya kiatu chake ili soksi isilowe, suruali ameitundika begani, mkoba ameubana kwapani kwa sababu ndoano ya mlangoni imeng'oka, mkono mmoja umeshika ukuta, na anainua mguu kuutafuta ule upenyo wa nepi ambao umejikunja. Nje watu wanagonga. Kama ana goti bovu, hapo ndipo anapoanguka, na wazee wanaanguka kweli. Sisi wauguzi ndio tunaowapokea na nyonga zilizovunjika.

Wanachotaka kinajulikana: chupi ya kutupa inayofunguka pembeni na kufungika tena, ili ipitishwe katikati ya miguu suruali ikiwa magotini na viatu vikiwa miguuni. Zipo chache zilizobuniwa hivyo, na anayeijua moja huificha siri hiyo kwa shida, humwambia kila mwenzake. Tunaomba iwe kawaida. Tunaomba pia alama ya kushikika, kishono au kinundu kidogo upande wa nyuma, ili mtu aliye gizani, au asiyeona, ajue mbele na nyuma kwa kidole. Na tunaomba utepe mdogo wa kuifungia ile iliyotumika ikishakunjwa, isije ikajifungua ndani ya mkoba. Hivi ni vitu vidogo sana. Naamini havipo kwa sababu tu hakuna mtu kwenye meza ya kubuni aliyewahi kubeba nepi iliyolowa ndani ya mkoba wake.

Gundi. Nitasema kidogo, lakini nitasema kwa uchungu. Kwenye nepi za kufunga kwa tepu, unaifunga mara moja, unagundua imekaa upande, unaibandua ili urekebishe, na plastiki inachanika pamoja nayo. Nepi nzima, mpya, imekwisha. Au umempaka mtu krimu ya kinga ya ngozi, kama tunavyopaswa kufanya, kidole kina mafuta, umegusa tepu, haishiki tena. Na mtu aliyepooza mkono mmoja hawezi kabisa kuvuta tepu nne kwa zamu huku akishikilia upande wa pili usiteleze. Tepu za kunasa zinazofunguka na kufungika mara nyingi zipo, lakini nyingi hunasa sehemu fulani tu ya mbele, na mwenye tumbo kubwa au kiuno chembamba sana hawezi kuzifikisha pale zinapotakiwa. Panueni eneo la kunasia. Wekeni tepu ambayo mtu anaweza kuifunga kwa mkono mmoja, kushoto au kulia.

Sasa miili. Saizi mnazipanga kwa kiuno na nyonga, na mapaja mnayasahau, wakati mkojo unavujia mapajani. Nimewahudumia wazee wembamba ambao nepi imewabana kiunoni, na kwenye paja unaweza kupitisha ngumi nzima. Kuna na jambo jingine ambalo watumiaji wanalirudia sana: saizi na uwezo wa kunyonya mmevifunga pamoja. Mtu mdogo wa mwili anayekojoa sana analazimika kununua saizi kubwa ili apate ile inayonyonya zaidi, halafu inamvuja kwa sababu ni kubwa. Na mnene anayetoa matone machache anauziwa kitu kizito kama godoro, kwa kuwa saizi yake haitengenezwi nyembamba. Vitenganisheni.

Wanaume na wanawake vilevile. Mwanaume anahitaji unyonyaji mbele, mwanamke katikati, na akilala chali unarudi nyuma. Bidhaa ya jinsia zote inajaza kote kidogo kidogo na haimtoshelezi yeyote. Mwaka 2008 nchini Uingereza, mtafiti Mandy Fader na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha miundo mbalimbali ya bidhaa hizi kwa watu wanaozitumia kweli, na walichokiona ni kwamba hakuna muundo mmoja uliowafaa wote. Wanaume walipendelea tofauti na wanawake, mchana ulitofautiana na usiku, na kuchanganya aina mbili au tatu kulimfaa mtu kuliko kung'ang'ania moja. Matokeo hayo yana umri sasa, na bado naona watu wanapewa aina moja kwa saa ishirini na nne.

Mtumiaji wa kiti cha magurudumu ana shida zake. Ameikalia siku nzima. Uzito wake unakamua kile kilichokwisha kunyonywa. Mkunjo wa nyonga unaivuta lastiki ya mguuni ikaacha uwazi, na mkojo unaelekea nyuma na kupanda mgongoni. Mishono ya pembeni na kingo nene zinamkandamiza palepale ambapo vidonda vya mgandamizo huanzia, na kama hana hisia hapo, hatajua hadi ngozi iwe imefunguka. Nepi mnazochora, mnazichora juu ya mwili uliosimama. Mchoreeni na aliyekaa.

Usiku ni somo lenyewe. Nusu lita ya mkojo ina uzito wa karibu nusu kilo. Wekeni nusu kilo kwenye chupi yoyote mtaona itakavyoning'inia. Pamba ya ndani, yaani zile nyuzi za mbao, ikishalowa hukatika na kujikusanya, ikaacha mahali hakuna kitu na mahali pengine kuna bonge. Mtu akigeuka, bonge linabaki huku na mkojo unakwenda kule. Wengi wanaolala ubavu wanavuja kiunoni, si mapajani, kwa sababu kiuno hakina kizuizi chochote. Kuta za lastiki mmeziweka mguuni, nami nawashukuru kwa hilo, zimesaidia sana. Wekeni na kiunoni, mbele na nyuma. Familia nyingi nazijua zinazotandika nepi mbili, moja ndani ya nyingine, na mfuko wa plastiki shukani juu ya hapo. Huo si usingizi, na ule ujoto na unyevu ni adui wa ngozi.

Nije kwenye sauti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wabunifu wengi hudhani tatizo hilo limekwisha. Plastiki laini ya nje inakwaruza, na anayeivaa anaisikia kila akipiga hatua, hata kama wengine hawaisikii. Ukimwambia mtu kwamba hakuna anayesikia, haimsaidii. Anakaa kikaoni hasogei. Mkaleta tabaka la nje linalofanana na kitambaa, linalopitisha mvuke lakini halipitishi maji, na kwa wengi lilikuwa jambo jema: kimya, na joto linapungua. Lakini baadhi ya watengenezaji waliondoa kabisa ile ya plastiki, na hapo wakawaumiza wengine. Kuna watu wanaokojoa sana usiku ambao wanasema nje ya kile kitambaa kunakuwa na unyevunyevu baada ya saa chache, na kwamba plastiki iliwapa usingizi. Hawa si wakaidi, wanaujua mwili wao. Tengenezeni zote mbili, na mnapobadilisha tabaka, gundi au ukubwa, andikeni kwenye pakiti kwamba mmebadilisha. Mtu anayetegemea bidhaa ili aweze kutoka nyumbani hastahili kugundua badiliko hilo akiwa amekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Harufu. Msiweke manukato. Nimewauliza wagonjwa wangu kwa miaka, na wanaoyataka ni wachache mno. Marashi yakichanganyika na mkojo hutoa harufu ya tatu ambayo kila muuguzi anaitambua akiwa mlangoni, na wapo ambao ngozi yao inawasha. Harufu kali hutoka hasa pale bakteria wanapoivunja yurea iliyomo kwenye mkojo ikawa amonia. Pambaneni na hiyo amonia, na mkiizuia mtakuwa mmeisaidia ngozi vilevile, kwa maana ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi ikipungua) kwa kawaida iko karibu na 5, na amonia huipandisha. Ikipanda, na hasa kukiwa na kinyesi, vimeng'enya vya kinyesi hupata nguvu ya kuila ngozi. Haja kubwa, kwa kweli, ndiyo mnayoisahau zaidi. Karibu kila kitu kimebuniwa kwa ajili ya mkojo, na anayevujwa na vyote viwili anajizibia mwenyewe.

Mstari unaobadilika rangi ukilowa una mjadala wake. Sisi wahudumu tunaupenda, kwa sababu hatuhitaji kumvua mtu ili tujue. Mvaaji anayejibadilisha mwenyewe hauhitaji, na hataki kuuona. Tunaweza kuwa na bidhaa zenye mstari na zisizo nao. Rangi nayo ni hivyo hivyo: nyeupe ya hospitali kwa kila mtu, au ua la waridi kwa mwanamke wa miaka themanini ambaye hakuwahi kuvaa maua. Nyeusi, kijivu, rangi za ngozi mbalimbali, hayo ndiyo wanayoyataja.

Pakiti zenyewe naomba mziangalie. Matone mliyochora kwa ajili ya kuonyesha uwezo hayana maana moja kati ya kampuni na kampuni. Matone matano ya huyu si matano ya yule. Mnunuzi anabaki kubahatisha kwa fedha yake, na bahati mbaya yake inaonekana hadharani. Kubalianeni kipimo kimoja, na kiwe cha kiasi mtu anachoweza kukojoa kabla ya kuvuja akiwa amekaa, amesimama au amelala. Uzeni pakiti ndogo za kujaribia, mbili tatu tu, kwa kila saizi. Hakuna mtu anayenunua viatu jozi ishirini ili ajue kama vinamtosha. Na picha zile za wazee wenye mvi wakicheka bustanini: mama aliyejifungua juzi ana miaka ishirini na mitano, na akiziona anaamini kitu hiki hakimhusu, anaendelea kuweka vitambaa.

Nepi za kufua nitazigusia tu. Zinawafaa watu wengi nyumbani, zinaokoa fedha na zinapunguza taka, maana polima na plastiki za hizi za kutupa hukaa ardhini muda mrefu sana. Lalamiko kubwa ni kukauka. Kile kilichonyonya sana hukauka pole pole, na mtu anabaki na mbichi. Zitengenezeni zikunjuke, tabaka za ndani zifunguke kama mabawa ili hewa ipite.

Na jambo ambalo haliko mikononi mwa kiwanda peke yake: vyoo vya wanaume mara nyingi havina pipa la taka ndani ya kile chumba kidogo. Mwanaume aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume anatoka amebeba pedi yake mkononi hadi nje, mbele ya watu, au anairudisha mkobani. Wengi huamua kutotoka nyumbani. Ninyi mna sauti kwa wenye majengo kuliko sisi. Isemeni.

Namalizia na ombi la kazi. ISO ilikwisha toa mwongozo mwingine mwaka 2000, ISO 16021, wa namna ya kuzitathmini bidhaa hizi kwa macho ya mvaaji na mhudumu wake. Utumieni kabla ya kupitisha mchoro, msisubiri bidhaa iwe imeshafika sokoni. Wapeni watu nyumbani, kwa wiki kadhaa, pamoja na usiku na safari, na wanaokaa kwenye viti vya magurudumu wawemo. Walipeni, kwa sababu hiyo ni kazi. Wahojiwe na mtu ambaye hawatamuonea haya, na majibu yao yasichujwe na idara ya mauzo.

Na kwa leo, kwenye meza ya nyuma kuna sampuli za saizi zote na chupa za maji ya vuguvugu. Kabla ya kikao cha mchana naomba kila mbunifu achukue moja, aende chooni akaivae akiwa na nguo zake zote na viatu, bila kusaidiwa. Akishavaa, aimiminie nusu lita kwa mara moja, kisha arudi akae hapa kikao kizima. Tukimaliza aende akaibadilishe. Wauguzi watakuwa mlangoni na karatasi, wakiandika mtakachowaambia mkitoka.